Mnyaa Aliouhamisha Fundi Ladi

Wiki chache baada ya kumzika Fundi Ladi, bintiye Stela alizikusanya picha za baba yake, akaomba ukumbi hapa Kasulu, akazitundika ili watu waje kuzitazama. Mimi nilikwenda na jicho jipya. Nasema jipya kwa sababu pale hospitali ya Kabanga walikuwa wamenitoa mtoto wa jicho, na tangu hapo nilikuwa natembea mjini nikishangaa kila kitu, hata ndoo za plastiki zilizopangwa nje ya duka. Kumbe buluu ni kali hivi! Ukumbi walikuwa wameupaka rangi nyeupe, kazi ya haraka, nikaona kwenye pembe walikopitisha brashi mara moja tu wakaondoka. Siwezi kujizuia. Nimechora mabango ya mji huu miaka yote, ya vinyozi, ya maduka ya dawa, ya mafundi cherehani, na aliyenishikisha brashi ni huyo huyo tuliyetoka kumzika. Mlangoni alikaa binti mmoja mwenye kitambulisho kifuani, akanisalimia kwa adabu, "Shikamoo bibi, karibu sana. Ila tunaomba tusiguse picha." Nikamwitikia, nikamwambia hizo picha nilizigusa kabla mama yake hajaolewa. Akacheka, lakini macho yake hayakuiacha mikono yangu.

Stela alikuwa amezipanga kama baba yake alivyozipanga Kibondo mara ya kwanza kabisa, kushoto vitu vya mezani, kulia mandhari. Vijana wawili walikuwa wamesimama mbele ya picha ya mgebuka, mmoja anasema, "Oya, hii kali, samaki kama anataka kupumua." Niliwapita. Nilikuwa natafuta picha moja tu, na niliikuta mwisho wa ukuta wa kulia: mashamba mawili yaliyopakana, nyuma yake vilima vya upande wa Burundi vimelala mmoja baada ya mwingine, na mti mmoja mkubwa wa mnyaa umesimama upande wa kushoto. Mbele ya picha hiyo alisimama mwanamke wa umri wangu, mtandio umemwangukia begani, mguu mmoja umebeba mwili mzima kama anasubiri zamu kisimani. Sikuhitaji kumwona uso. Alikuwa Veronika, binti wa Mzee Damiani. Hatukuwa tumesemeshana tangu mwaka ule tukiwa wasichana. Nilirudi kinyumenyume nikakaa kwenye benchi, mtu mzima mimi, na mwaka ule wote ukanijia.

Habari za nani alinizaa na kwa nini nililelewa na shangazi tuziache, hazikuchora kitu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule na matokeo ya kusikitisha, nakaa kwa Shangazi Yudita nje kidogo ya Kibondo, na kila asubuhi nashuka mjini kwa Fundi Ladi kujifunza kuandika herufi. Fundi alikuwa mchora mabango. Juu ya mlango wake aliandika LADI FUNDI RANGI, na chini yake, KAMA KILIVYO. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mtaji wake. Watu walimletea picha ndogo ya kitambulisho ya marehemu wao, yeye akaichora kwenye ubao wa kuweka kaburini, na mama wa marehemu akiuona anashika kichwa: "Mawe we! Ni yeye, hata lile jicho lake la usingizi!" Hakumpamba mtu. Aliyeishi na meno yaliyopishana alizikwa na meno yaliyopishana. Kwa hiyo Kibondo nzima ilikuwa inasema, ukibishana na mwenzako kuhusu sura ya kitu, nenda ukamuulize Ladi.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na ukumbi mdogo wa mbele. Chumba cha kazi kilinuka tina ya kuyeyushia rangi na mafuta ya taa ya kuoshea brashi, cha nyuma kilinuka mawese, na harufu hizo mbili zilikutana mlangoni zikagombana kutwa. Kazi za mabango zilipopungua alichora vya kwake: papai lililopasuliwa, mkungu wa ndizi, kikapu cha maharage, mgebuka juu ya gazeti. Shida ni kwamba kila alichokichora kilikuwa ndicho chakula cha siku hiyo. Mkewe, Mama Stela, alimwazima kwa sharti kwamba moto ukishashika, kitu kinarudi jikoni. Basi yeye anachora, mama anapuliza kuni. "Ladi, moto umeshika!" "Bado mkia, mama!" "Mkia utauchora kwa kumbukumbu. Huyu mtoto hali kumbukumbu!" Na mgebuka unachukuliwa mbele ya macho yake. Ndiyo maana ukizitazama zile picha za mezani utakuta upande mmoja umetulia, kila gamba mahali pake, na upande wa pili una mbio. Siku ile ukumbini nilimsikia bwana mmoja akieleza wenzake kwamba huo ni mtindo. Mtindo gani! Ni njaa. Tulikula wote kwenye sinia moja, ugali wa muhogo na kisamvu na huyo samaki aliyekuwa anachorwa muda si mrefu, na mimi nikajikuta kila siku naangalia kwanza ubavu wake unavyong'aa kwa mawese kabla sijamega. Nadhani hilo ndilo nililofundishwa mwaka ule, kuangalia kitu kabla hakijaliwa.

Jioni nilipanda kurudi kwa shangazi. Shangazi Yudita alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa huku, akapewa shamba huku, akapata uraia huku, akafiwa na mume huku. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema, anasema kwa Kiha chake kilichochanganyika na Kirundi, halafu anakirudia kwa Kiswahili kana kwamba anatuma nakala. Shamba lake lilipakana na la Mzee Damiani. Hapakuwa na uzio wala jiwe, palikuwa na mnyaa mmoja mnene, mzee kuliko sisi wote, na kila mtu alijua kwamba upande huu ni kwa Yudita na upande ule ni kwa Damiani. Chini ya mnyaa huo ndipo mimi na Veronika tulipokaa kila Jumapili. Alinisuka nywele pale, alinicheka pale, pale ndipo aliponiambia jina la mtu anayempenda akaniapisha nisimwambie hata ukuta. Mama yake, aliyekuwa mkunga wa eneo lile, alikuwa ameshafariki, na Vero ndiye aliyemtunza baba yake na kaka zake. Mzee Damiani hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo leo na nilikuwa nasema hivyo hata wakati ule, pale hasira iliponiruhusu. Alikuwa na vijana wengi na ardhi haikuwa inakua pamoja nao.

Kiangazi kilipokaribia, Fundi alisema amechoka na samaki wanaomkimbia, anataka kuchora kitu ambacho Mama Stela hawezi kukipika. Akapanda na mimi hadi kwa shangazi, amebeba kigoda chake na kipande cha kitambaa cha marekani alichokiwamba kwenye fremu ya mbao. Alikaa uani kwetu siku kadhaa. Shangazi alimpikia viazi na maharage, akamwekea maji ya kunawa, na kila alipopita na beseni alichungulia ile picha. Siku ya mwisho nilisimama nyuma ya Fundi nikaona jambo lililonichekesha. Mnyaa haukuwa mahali pake. Alikuwa ameusogeza kushoto, kwa upande wetu, karibu kabisa na migomba ya shangazi. Nikamwambia, "Fundi, si kama kilivyo hiyo." Akakuna kidevu kwa mpini wa brashi. "Unaziba kilima, Skola. Nimejaribu kila namna. Ukikaa pale ulipo, jicho linagonga mti linarudi. Nikiusogeza, jicho linapita mpaka kule." Akanionyesha vilima. Kwa kweli picha ilikuwa nzuri, ilikuwa inakuita uingie. "Na hii si bango," akasema, kama anajitetea kwa mtu mwingine. "Hii ni yangu."

Halafu kiangazi kikaja chenyewe. Vijana wa Damiani walichoma nyasi kuandaa shamba, upepo ukageuka, moto ukaukamata mnyaa. Walichoweza kuokoa hakikuwa na maana, wakang'oa kisiki kilichobaki na kusawazisha kwa jembe, ukabaki udongo mtupu. Shangazi siku hiyo alikuwa Rungwe Mpya kwenye msiba wa jamaa. Aliporudi alisimama pale mpaka kuku wakaingia kulala wenyewe. Mzee Damiani alikuja kuomba radhi, kofia mkononi. "Dada Yudita, vijana hawana akili. Mvua zikianza tutapanda mwingine. Si sote tunajua ulipokuwa?" Shangazi akamjibu, "Ego. Ndiyo, tunajua." Mimi niliona jinsi alivyokuwa anauangalia ule udongo, nikadhani ni kwa sababu ya kivuli.

Maonyesho yalikuwa wazo la Bwana Salehe, mfanyabiashara aliyetokea upande wa Pangani, ambaye ghala lake la maharage lilikuwa tupu likisubiri mavuno. Alipenda sana mambo ya staha. Alisema kwao mtu akiwa na kipaji hakifungii ndani kama mwizi, akawaagiza vijana wake wafagie, akafukiza udi, lakini ghala lile lilinuka dagaa tangu limejengwa na udi ukaishia kunukia dagaa pia. Tulitundika vitu vya mezani kushoto na mandhari kulia. Basi watu wakaja! Kibondo haikuwahi kuona kitu kama kile. Mama mmoja alitaka kujua zile ndizi zinauzwa ngapi. Alipoambiwa kinachouzwa ni picha, alisema, "Yewe, kwa hiyo nile ukuta?" Wazee walimkagua mgebuka wakakubaliana kwamba ni wa juzi, si wa leo, na hilo lilikuwa kweli. Kwenye mandhari ndipo watu walipotulia. Waliovuka kutoka Burundi walisimama mbele ya vile vilima, kila mmoja akimwonyesha mwenzake kwa midomo kilima chake. Fundi alikaa kwenye kigoda mlangoni, shati jeupe, na uso wake ulikuwa umelainika kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona na sikuiona tena.

Mzee Damiani alifika na kaka zake Vero, na Vero mwenyewe nyuma yao. Walicheka kwenye samaki, wakahamia kulia, wakafika kwenye picha ile. Niliona mzee anasogea, anarudi, anasogea tena. "Hili si shamba langu?" akasema. "Na mnyaa ule pale!" Mwanzoni alikuwa anafurahi tu kuuona mti wake ukiwa hai. Halafu mwanawe mkubwa akamnong'oneza, na furaha ikageuka kuwa kitu kingine. "Kwa hiyo mnyaa ulikuwa pale," akasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Karibu na migomba. Tazameni. Fundi Ladi alikaa siku nzima nzima anauangalia. Na nani hapa hajui kwamba Ladi hachori uongo?" Watu wakaitikia, ni kweli, Ladi hachori uongo. Naamini kabisa kwamba kufikia jioni mzee alikuwa ameshajiaminisha mwenyewe. Mtu akitaka sana ardhi, kumbukumbu yake humtumikia. Siku iliyofuata alimwendea mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akasema wazee watakaa ghalani, mbele ya picha, wamalize jambo hilo kabla ya mvua.

Nilipomwambia shangazi, hakula. Alikaa na sahani magotini hadi ugali ukashika ganda, kisha akajifunga kanga, akashuka mjini peke yake mchana ule ule, na mimi nikamfuata kwa mbali kwa sababu miguu yake haikuwa inaenda sawa. Alikwenda kwa Mama Stela. Waliingia chumba cha nyuma wakarudisha pazia. Fundi alikuwa chumba cha kazi anaosha brashi, nilisikia inavyogonga kopo, na mimi nikakaa kizingitini nikijifanya nachambua vitambaa. Shangazi alisema kwa Kiha, polepole. Alisema mtoto wake wa kwanza alizaliwa hajalia. Kwao mtoto kama huyo hapewi jina na haliliwi mbele za watu. Yeye na mumewe walimzika wenyewe chini ya mnyaa, upande wao, wakasawazisha. Aliyemzalisha alikuwa mke wa Damiani, na huyo amekufa na siri yake. "Sasa si uwaambie wazee?" Mama Stela aliuliza. Shangazi akasema, "Nikisema pana kaburi, watasema tufukue tuone. Wakisogeza mpaka, watapalima. Nifanye lipi?" Kisha akalia, shangazi yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia hata kwa mumewe. "Watu wananiita wa kuja mpaka leo. Mtu kwao ni alipozika, Mama Stela. Mimi kwetu ni pale tu." Kwenye chumba cha kazi brashi ilikuwa imenyamaza kopoani muda mrefu, na nikajua Fundi amesikia kila neno.

Siku ya kikao ghala lilijaa. Bwana Salehe alimvuta Fundi kando, nami nilikuwa karibu. "Ndugu yangu, usijitie kitanzi. Sema hukumbuki. Watagawana katikati, na jina lako linabaki." Fundi akamwuliza, "Katikati ndiyo wapi?" Salehe hakuelewa swali. Mimi nililielewa, kwa sababu hata katikati ingemchukua mtoto. Wazee wakauliza nani anajua ulipokuwa mnyaa. Nikasema mimi najua. Wakasema wewe ni wa nyumba ya Yudita, kaa chini. Nikasema, "Vero naye anajua. Muulizeni Vero, tumekaa pale kila Jumapili." Wote wakamgeukia. Baba yake akamwangalia, kaka zake wakamwangalia. Vero alitazama miguu yake. "Mimi sikuwa naangalia mti," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hayupo. Nilimchukia pale pale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sikujua kwamba binti anaweza kuzibwa mdomo na watu wanaokula kwenye chungu chake.

Ndipo Fundi aliposimama. Alikuwa ameshika brashi, sijui kwa nini, labda mikono yake haikujua kusimama bure. Aliugusa mnyaa kwa mpini. "Haukuwa hapa." Akapeleka mpini kulia, akausimamisha mahali ambapo kwenye picha palikuwa na majani tu. "Ulikuwa hapa. Niliuhamisha mimi." Mwenyekiti akauliza kwa nini. "Ulikuwa unaziba kilima." Mtu mmoja akacheka, halafu wengi wakacheka. Mzee Damiani hakucheka. "Ladi, unasema wewe ni mwongo?" "Kwa picha hii, ndiyo, mzee. Shamba ni kama Yudita anavyosema." Kicheko kikaisha, kwa sababu kutoka nyuma ilitoka sauti ya mjane mmoja ambaye Fundi alimchorea ubao wa kaburi la mumewe. "Na uso wa mume wangu je? Kwake ulihamisha nini?" Fundi alifungua mdomo. Angeweza kuwaambia sababu ya kweli ya kusimama kwake, pana mtoto pale, jamani, na wangemwelewa wote, hata Damiani. Hakusema. Aliinamisha kichwa akakaa.

Mpaka ulirudi pale pale, vijana wa Damiani wakapanda mnyaa mpya wamenuna. Lakini Fundi Ladi alikwisha Kibondo. Watoto walimwita Mhamisha Miti. Watu wakapeleka vitambulisho vya marehemu wao kwa wapiga picha. Hakuyafuta maneno KAMA KILIVYO, mvua ziliyafuta zenyewe, na kabla ya mwaka kwisha alifungasha makopo yake akahamia hapa Kasulu na mkewe na Stela, na mimi nikaja nao kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshaizoea brashi. Niliwahi kumuuliza kama hajutii. Tulikuwa tunapaka bango la saluni, nakumbuka. Akaniambia, "Najuta mti. Ule mti ningeuacha." Akapaka kidogo. "Ila na kilima kile, ah, Skola, ulikiona?" Nikamwambia ningekuwa yeye ningeirekebisha ile picha, niurudishe mnyaa. Akakataa kabisa. Alisema picha haina kosa, aliyekosea ni yeye aliyeandika mlangoni maneno makubwa.

Shangazi Yudita aliishi miaka mingi na mnyaa wake, kisha akafariki. Nilimzika, nikarudi Kasulu, na kabla machozi hayajakauka nikasikia kwamba jamaa wa upande wa mume wameuza shamba bila kuniuliza, na walionunua ni kaka zake Vero. Nililia kuliko nilivyolia msibani. Nilijua basi, mpaka hauna maana tena, wamelima kote, na yule mtoto ambaye Fundi alimtolea jina lake lote amegeuzwa na jembe. Sikukanyaga tena kule. Nilipopata kazi ya bango Kibondo nilimtuma kijana wangu. Watu wakinipa salamu za Vero nilizipokea kama mtu anayepokea mvua, sikuzirudisha.

Hayo yote niliyapitia kwenye benchi lile, na Vero bado alikuwa amesimama. Nikainuka, nikaenda nikasimama kando yake. Hakugeuka. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, na kwa lile jicho langu jipya niliona kila mkunjo wa shavu lake. "Skola," akasema. "Vero." Tukaitazama picha kama watu wawili wanaosubiri chungu kichemke. "Ameuweka pabaya," akasema. Nikamwambia, "Ulikuwa unaziba kilima." Akatikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono, akapita migomba, akapita mnyaa, akakiweka kidole chake pale pale ambapo Fundi aliuweka mpini wa brashi siku ile. "Ulikuwa hapa. Nilijua, Skola. Mama aliniambia kabla hajafa, ulipo mti na kilichopo chini yake. Nilisimama mbele ya wazee najua vyote viwili, na nikaogopa baba yangu." Nikasema, "Nilisikia wamenunua. Nikajua wamepalima." Vero akanigeukia, amenikasirikia kabisa. "Walime wapi? Nani alime? Kila msimu nasimama pale na jembe langu mpaka wapite pembeni. Kaka zangu wamezeeka wananinung'unikia. Wajukuu wanapaita Kwa Mtoto, hawajui ni mtoto gani, ila wanajua hapachezewi wala hapakatwi kuni. Hapalimwi pale, Skola. Hapakulimwa hata siku moja."

Nilimshika mkono. Ule mwingine hakuushusha, kidole kilikuwa bado juu ya picha, na yule binti wa mlangoni akatukimbilia viatu vikigonga sakafu. "Mama jamani, tuliomba tusiguse!"

"Mwache, mwanangu," nikamwambia. "Anatuonyesha mpaka."